MALI BILA DAFTARI
Somo kwa vikundi: Jinsi ya kukusanya na kuandika maua ya nyota ya manjano



Kila kikundi kinachodumu kina daftari. Daftari la mchango likipotea, ugomvi huanza wiki hiyo hiyo. Mmoja atasema alilipa, mweka hazina atasema hakuona kitu, na hakuna wa kuamua kati yao. Ndiyo maana wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Je, mimea ya kwetu ina daftari? Mbuzi tunawahesabu, ng'ombe tunawajua kwa majina, na miti ya kahawa tunajua ni mashina mangapi. Lakini mimea ya porini inayoota kwenye malisho, kando ya barabara na kwenye miteremko ya Mlima Kenya na Nyambene, hiyo tunaikumbuka kwa kichwa tu. Na kichwa husahau. Tena malisho yenyewe yanazidi kulimwa kila mwaka.

Katika somo hili tutajifunza kutengeneza daftari la mimea. Tutatumia mmea mmoja mdogo kama mfano. Mkiujua huo, mtaweza kufanya hivyo hivyo kwa mimea mingine.

1. MMEA WENYEWE

Mmea huu kwa jina la kisayansi ni Hypoxis. Sisi hapa tutauita ua la nyota ya manjano, kwa kuwa ua lake lina ncha sita kama nyota. Utautambua hivi:

- Majani ni marefu na membamba kama ya nyasi, yanatoka chini kabisa ardhini, na huwa yamejipanga kwa safu tatu. Ukiyapapasa utasikia vinywele.
- Ua ni la manjano kwa ndani. Kwa nje ni la kijani na lina vinywele.
- Ua hufunguka asubuhi na kujifunga mchana. Ukipita saa tisa unaweza kudhani hakuna kitu pale.
- Chini ya udongo kuna kiazi, na juu ya kiazi kuna nyuzi nyuzi za majani ya zamani.
- Mbegu ni ndogo na nyeusi, ndani ya kikombe kidogo kinachofunguka kama kilichotolewa kifuniko.

Ingawa majani yanafanana na nyasi, mmea huu si nyasi. Msiuchanganye na ile nyasi ya malisho inayotambaa ambayo nayo huitwa nyasi ya nyota. Hiyo ni Cynodon, haina ua la manjano wala kiazi.

Kenya ina aina kadhaa za Hypoxis. Hypoxis angustifolia ni ndogo na ina majani membamba. Hypoxis kilimanjarica ni ya sehemu za juu milimani. Nyingine zina majani mapana na viazi vikubwa. Aina hizi zinafanana sana, hata wataalamu hulazimika kuangalia vinywele, mbegu na rangi ya kiazi kabla ya kutoa jina. Kwa hiyo msiwe na haraka ya kusema “ni hii.” Kazi ya kikundi ni kukusanya vizuri na kuandika vizuri. Jina la kisayansi litakuja baadaye.

2. KWA NINI TUJISUMBUE?

Huenda mtu akauliza, “Sasa ua dogo hivi litatusaidia nini?” Kuna sababu tatu.

Kwanza, jina peke yake halitoshi. Mtu wa Tigania, wa Imenti, wa Chuka, wa Tharaka, wa Embu na wa Mbeere wanaweza kuita mmea mmoja kwa majina tofauti. Tena jina moja linaweza kutumika kwa mimea miwili. Hata kwa miti mikubwa ni hivyo. Ule mti wa Prunus africana, Wameru huuita mweria na Wakikuyu huuita muiri. Mmea ukiwa umekaushwa na kuwekwa kwenye karatasi pamoja na jina lake, hakuna ubishi. Kila mtu ataangalia na kusema, “Ahaa, kumbe ndio huu.”

Pili, kuna hatari ya dawa. Huko Afrika Kusini kuna ndugu wa mmea huu, Hypoxis hemerocallidea, unaoitwa kiazi cha Kiafrika. Miaka ya 2000 ulisifiwa sana huko kuwa unawasaidia watu wenye virusi vya UKIMWI. Lakini mwaka 2005 watafiti walieleza kwamba katika maabara, maji ya kiazi hicho yalionekana kuweza kuvuruga jinsi mwili unavyotumia dawa za ARV. Sifa za namna hiyo husafiri haraka kuliko maonyo. Mtu anaweza kuja sokoni na vipande vya kiazi kilichokaushwa akasema, “Hiki ndicho kile cha Afrika Kusini.” Mtajuaje? Viazi vya porini vikikatwa na kukaushwa hufanana. Kuna ua zuri la rangi nyekundu na manjano liitwalo Gloriosa, linaota hapa kwetu pia, na kiazi chake kina sumu inayoweza kuua. Anayetumia ARV asiache dawa zake wala kuzichanganya na kiazi chochote bila kuzungumza na daktari.

Tatu, kuna hatari ya mmea kwisha. Turudi kwa mweria. Gome lake lilitakiwa sana Ulaya kwa kutengeneza dawa ya tezi la wanaume. Miti mingi ya Afrika ikachunwa, hata mwaka 1995 ikabidi mti huo uwekwe kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES ili biashara yake idhibitiwe. Mti ukichunwa kwa uangalifu unaweza kupona. Lakini kiazi kikishang'olewa, mmea umekwenda. Siku mnunuzi atakapokuja na gari na magunia, kikundi chenye daftari kitajua mmea uko wapi, uko kiasi gani, na kama unaweza kustahimili kuuzwa au hapana. Kikundi kisicho na daftari kitauza kwanza, kisha kitahesabu mashimo.

3. WALIOANDIKA KABLA YETU

Kazi hii si mpya katika nchi yetu. Mwaka 1921 na 1922 Wasweden wawili, Robert Fries na Thore Fries, walizunguka Mlima Kenya wakikusanya mimea. Mimea yao ilikaushwa na kupelekwa Sweden. Imepita miaka zaidi ya mia moja, na wataalamu bado wanaweza kuitumia kwa sababu iliandikwa ilikotoka.

Upande wa Mbeere, watafiti Bernard Riley na David Brokensha waliandika majina ya Kimbeere ya mimea pamoja na majina ya kisayansi na matumizi yake. Kitabu chao kilitoka mwaka 1988, kwa mabuku mawili. Kijana wa Siakago au Kiritiri ambaye hakumwona babu yake anaweza kukisoma leo akajua mmea fulani ulitumika kwa nini.

Na tunalo ghala letu kubwa la mimea mikavu. Ghala la namna hiyo huitwa hebaria. Hebaria ya Afrika Mashariki ilianzia Amani, katika milima ya Usambara huko Tanzania, mwaka 1902. Mwaka 1950 ilihamishiwa Nairobi, na sasa iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ndani yake kuna mamia ya maelfu ya mimea iliyokaushwa. Kwa msaada wa mikusanyo kama hiyo wataalamu waliandika vitabu vya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania kuanzia mwaka 1952 hadi 2012. Vinaeleza aina zaidi ya 12,000.

Hata hivyo, wataalamu hawawezi kufika kila kijiji. Wanaopita pale kila asubuhi ni ninyi.

4. KABLA YA KWENDA: RUHUSA

- Katika shamba la mtu, mwombeni mwenye shamba. Msiseme “ni majani tu.”
- Katika uwanja wa shule au wa kanisa, mwombeni mwalimu mkuu au wazee wa kanisa. Anzeni hapo, na kando ya barabara, maana hizo ni sehemu ambazo jembe halijafika.
- Katika msitu wa serikali, nendeni kwanza kwa ofisi ya Huduma ya Misitu. Katika hifadhi ya wanyama, nendeni kwa Shirika la Wanyamapori.
- Mjulisheni chifu au mzee wa kijiji. Watu wanaochimba viazi porini bila kueleweka huleta maneno.
- Kupeleka mmea nje ya nchi ni jambo jingine kabisa. Linahitaji vibali vya serikali. Mgeni akiwaomba mmpatie mmea wa kubeba, mwulizeni vibali viko wapi.

5. VIFAA

Hakuna kitu cha bei hapa. Mnahitaji:

- Daftari lenye jalada gumu na penseli. Kalamu ya wino ikinyeshewa maandishi yanatoweka.
- Jembe-uma au panga ya kuchimbia.
- Kisu.
- Magazeti ya zamani na vipande vya katoni.
- Mbao mbili bapa, kila moja kama urefu wa sentimita 45 na upana wa sentimita 30.
- Kamba mbili, au mpira uliokatwa kutoka kwa tyubu ya baiskeli.
- Mfuko wa plastiki au kiondo chenye kitambaa kibichi cha kubebea.
- Simu yenye kamera, kama mwanachama mmoja anayo.

6. SHAMBANI, HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza: chagueni wakati. Nendeni wakati wa mvua ndefu, Machi hadi Mei, au mvua fupi, Oktoba hadi Desemba. Nendeni asubuhi. Ua lililojifunga ni vigumu kulifungua bila kulirarua.

Hatua ya pili: hesabuni kabla ya kuchimba. Kuna kanuni inayofuatwa na wakusanyaji wengi: usichukue zaidi ya mmoja katika kila 20. Mkihesabu 60, msizidishe 3. Mkikuta pungufu ya 20, msichimbe kabisa. Pigeni picha, chukueni ua moja na jani moja, na muandike. Tafadhali msiruke hatua hii. Itakuwa aibu kikundi kimalize mmea kwa sababu ya kuutunza.

Hatua ya tatu: andikeni mmea ukiwa bado umesimama. Rangi ya ua, urefu wa mmea, maua mangapi kwenye bua moja, vinywele ni vyeupe au vya kahawia, unaota pamoja na nini. Mmea ukikauka, rangi itakuwa imepotea na hautaweza kuulizwa tena.

Hatua ya nne: chimbeni mmea mzima pamoja na kiazi. Msiuvute kwa mkono, majani yatakatika na kiazi kitabaki. Kung'uteni udongo na kuosha polepole. Kisha pasueni kiazi katikati kwa urefu, maana kiazi kizima hakikauki haraka na kitaoza. Angalieni rangi ya ndani wakati huo huo: nyeupe, manjano au ya machungwa. Andikeni mara moja, kwa kuwa hubadilika kikipigwa na hewa.

Hatua ya tano: tafuteni mmea wenye mbegu pia. Kama leo kuna maua tu, rudini baada ya wiki chache.

Hatua ya sita: pigeni namba. Mkusanyaji wa kwanza aanze na 1, na namba zisirudiwe kamwe, hata mwaka ukibadilika. Namba hiyo iandikwe kwenye daftari na pia kwenye kipande cha karatasi kinachofungwa kwa mmea. Mimea iliyochimbwa mahali pamoja, siku moja, na ambayo ni ya aina moja hupewa namba moja.

7. KUANDIKA LEBO

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Mmea mzuri usio na lebo ni majani makavu tu, mpe mbuzi. Lakini hata mmea uliokunjika kidogo, kama una lebo kamili, unaweza kumsaidia mtaalamu.

Huu ni mfano wa lebo iliyoandikwa vizuri:

Namba: 7
Mmea: Hypoxis (aina haijajulikana)
Jina la kienyeji: (liandike kama ulivyolisikia) Lugha: Kiembu
Mahali: Kenya, Kaunti ya Embu, karibu na Runyenjes, uwanja wa shule, upande wa juu wa barabara
Urefu kutoka usawa wa bahari: mita 1,500 hivi
Mazingira: nyasi fupi zinazolishwa na mbuzi, udongo mwekundu, jua kamili
Maelezo: Urefu sentimita 20. Maua 3 kwenye bua moja, manjano ndani, kijani nje. Vinywele vyeupe. Kiazi manjano ndani.
Wingi: tulihesabu 64, tulichukua 2
Tarehe: 18 Aprili 2024
Mkusanyaji: (jina la mwanachama na la kikundi)

Angalieni “Mahali.” Msiandike “Embu” tu. Embu ni kubwa, kuanzia msitu wa mlima hadi tambarare kavu za Mbeere. Andikeni hivi kwamba mgeni anaweza kufika pale bila kuuliza njia. Kama simu inaonyesha namba za ramani, ziandikeni. Lakini kuweni waangalifu: ikweta inapita kati ya mji wa Meru na Nkubu. Kwa hiyo andikeni wazi kama ni kaskazini au kusini. Mkikosea, mmea wa Nkubu utahamia upande wa pili wa ikweta kwenye ramani.

Na msibuni. Kama hamkupima, msiandike. Lebo ya uongo ni mbaya kuliko karatasi tupu.

8. KUKAUSHA

Lazeni mmea ndani ya gazeti lililokunjwa siku hiyo hiyo. Majani yasipandane. Jani moja ligeuzwe ili upande wa chini uonekane. Ua moja liwekwe wazi kwa ndani, na lingine kwa nje. Kama majani ni marefu kuliko karatasi, yakunjeni kwa pembe kali kama herufi V au N. Msiyakate.

Pangeni hivi: ubao, katoni, magazeti makavu, gazeti lenye mmea, magazeti makavu, katoni, na kuendelea. Mwisho ubao wa juu. Fungeni kwa kamba au tyubu, muweke jiwe zito juu.

Siku za kwanza nne au tano, badilisheni magazeti makavu kila siku. Hapa ndipo watu huchoka. Mmea ukiachwa katika gazeti lenye unyevu utaota ukungu na kuwa mweusi. Wagaweni wanachama zamu, kama zamu ya kuchota maji. Baada ya hapo badilisheni kila baada ya siku moja. Wekeni mahali penye hewa, si juu ya moshi wa jikoni. Magazeti yaliyolowa anikeni juani, yatumike tena.

Mmea umekauka ukiwa mgumu na, ukiugusisha shavuni, hausikii baridi. Kiazi huchelewa, kiangalieni mwisho.

Ukishakauka, uwekeni pamoja na lebo yake ndani ya sanduku la bati linalofunga vizuri, mbali na panya, mchwa na wadudu.

9. KUPELEKA NAIROBI

Kabla ya kupeleka, andikeni barua au pigeni simu kwa Hebaria ya Afrika Mashariki kuuliza wanapokea vipi. Kama mlichukua mimea miwili ya namba moja, mmoja unakwenda Nairobi na mwingine unabaki kwenu. Mtaalamu akiutambua mmea, atawaambia “namba 7 ni aina fulani,” nanyi mtaandika jina hilo kwenye lebo ya mmea uliobaki. Hivyo ndivyo kijiji na Nairobi wanavyozungumza kitu kimoja. Vyuo vikuu vilivyo karibu nanyi pia vina walimu wa botania, waulizeni.

10. MANENO YA WAZEE

Mtakapouliza majina, mtakutana na mama au mzee anayejua pia matumizi. Hapa twende pole pole. Jina la mmea ni la watu wote. Lakini namna ya kutengeneza dawa ni elimu ya mtu huyo, au ya ukoo wake. Mwulizeni kwanza: “Tukiandika, ni sawa? Tuandike na jina lako au tusiandike?” Akikataa, heshimuni.

Sheria iko upande wake. Katiba ya mwaka 2010 inasema serikali italinda elimu ya asili ya jamii kuhusu viumbe na mimea. Na mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria ya kulinda elimu ya jadi. Kwa hiyo, wekeni madaftari mawili. La kwanza ni la mimea: jina, mahali, tarehe. Hilo mtu yeyote aone. La pili ni la matumizi, likae na kikundi, na lisifunguliwe kwa mgeni kabla ya wenye elimu hiyo kukaa na kukubaliana.

KUMBUKA

- Hesabu kwanza, chimba baadaye.
- Andika pale pale shambani, usingoje kufika nyumbani.
- Badilisha magazeti kila siku mwanzoni.
- Sampuli bila lebo ni majani makavu.
- Kutambua mmea si ruhusa ya kuunywa.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, ni wapi pamebaki nyasi ambazo hazijalimwa? Tujaribu kuchora ramani chini kwa kijiti.
2. Nani kati yetu anajua jina la ua hili? Je, wote wanataja jina moja?
3. Mnunuzi akija kesho kutaka viazi vya porini kwa gunia, nani atamjibu, na atamjibu nini?
4. Nani atashika daftari la kwanza, na nani la pili?

Kazi ya mwezi huu: kila kikundi kikusanye mmea mmoja tu, namba 1, kwa kufuata hatua zote. Mmoja uliofanywa vizuri unashinda kumi iliyooza. Katika mkutano unaofuata, mpitishe kwa kila mwanachama aushike, asome lebo kwa sauti, na aseme kama angeweza kwenda kuupata mahali ulipotoka. Akishindwa, rekebisheni lebo hiyo mkiwa bado mnakumbuka.